Maswali ya Wasomaji: Bury St Edmunds, mji na abasia waliogombania soko miaka mia nne

Toleo lililopita tuliweka makala fupi kuhusu Bury St Edmunds, mji wa soko uliopo Suffolk, mashariki mwa Uingereza, na abasia yake, yaani makao makubwa ya watawa wa Kibenediktini, ambayo leo imebaki magofu. Maswali yamekuja mengi tena ya maana, kwa hiyo ukurasa wote wa leo ni wa huo mji tu, maswali mengine yanasubiri.

Shikamoo. Mlisema Edmund alikuwa mfalme, akauawa na Wadenmaki, alafu mbwa mwitu akalinda kichwa chake. Hii ni historia au hadithi? (Mwanafunzi, kidato cha tano, Arusha)

Marahaba mwanangu. Vimechanganyika, na kazi ni kuvitenganisha. Kilicho hakika ni kidogo: Edmund alikuwa mfalme wa Anglia Mashariki, yaani Norfolk na Suffolk za leo, na mwaka 869 jeshi la Wadenmaki likaingia, akapigana nao, wakamuua na kuchukua nchi yake yote. Kumbukumbu za Waingereza za karne ile ile zinasema hivyo tu, kwa maneno machache mno.

Sasa yale ya kufungwa kwenye mti na kupigwa mishale, kukatwa kichwa kikatupwa porini, watu wake wanakitafuta huku wanaita "uko wapi" na kichwa chenyewe kinawajibu "hapa, hapa, hapa" mpaka wakakikuta katikati ya miguu ya mbwa mwitu aliyekuwa anakilinda bila kukigusa, hayo yaliandikwa miaka zaidi ya 100 baadae na Abbo, mmonaki wa Fleury kule Ufaransa. Abbo anasema alisimuliwa na Dunstan, askofu mkuu wa Canterbury, na Dunstan alipokuwa kijana alimsikia mzee mmoja aliyekuwa mbeba silaha wa Edmund mwenyewe. Wasomaji wa pwani wataitambua hiyo haraka, ni kama isnadi, fulani kapokea kwa fulani. Kwa hiyo mimi sisemi yote ni uongo, mtu aliuawa kikatili na watu wake wakabaki na uchungu, ila mbwa mwitu anayelinda kichwa ni imani, na hiyo imani ndo iliyojenga mji. Mpaka leo kwenye nembo ya mji yupo mbwa mwitu na kichwa cha mfalme.

Mwanzoni mwa karne ya 10 mwili ulihamishiwa kijiji kilichokuwa kinaitwa Beodericsworth. Hapo ndo Bury ya leo.

Huku kwetu tuna Wabenediktini Peramiho, wana hospitali, shule, mafundi, mashamba, tunawaheshimu sana. Lakini mlivyoandika kwamba abate (mkuu wa abasia) wa Bury alikuwa anatawala mji mzima sikuelewa, mtawa anatawalaje? (Msomaji, Songea)

Swali zuri kaka, na umelianzisha pazuri kwa sababu kanuni ni ile ile, ya Mtakatifu Benedikto, sala kwa saa zake na kazi za mikono, na hata hilo la makazi ya watu kukua kuizunguka abasia mmeliona Peramiho tangu wamisionari walipofika 1898. Tofauti ipo kwenye alichopewa abate na wafalme.

Mwaka 1020 mfalme Cnut aliwaweka wamonaki wa Kibenediktini walinde kaburi la Edmund. Cnut alikuwa Mdenmaki! Watu wa asili ile ile iliyomuua Edmund sasa wanamjengea kanisa, na nadhani hapo palikuwa na akili ya utawala kabisa, ukitaka kuwaongoza watu wa Anglia Mashariki mheshimu mfalme wao waliyemlilia. Alafu 1044 mfalme Edward, yule anaeitwa Muungama, akaipa abasia mamlaka juu ya karibu Suffolk magharibi yote. Siyo ardhi tu, ni mamlaka, yaani ofisa wa mfalme hakuwa na kazi kule, kesi zinasikilizwa na mahakama ya abate, faini zinaingia kwake, mhalifu ananyongwa kwa amri yake. Na haki ya kutengeneza sarafu walipewa pia. Ukizaliwa Bury wakati ule, mwenye nyumba wako, hakimu wako, mwenye soko na mwenye kinu cha kusaga nafaka yako wote ni mmoja, na jina lake rasmi ni Mtakatifu Edmund, ambae ni marehemu, kwa hiyo huwezi hata kwenda kumlalamikia.

Aliyeutengeneza mji ni Baldwin, abate kuanzia 1065 mpaka alipofariki 1097 au mwanzoni mwa 1098. Huyu alikuwa Mfaransa, mmonaki kutoka Saint-Denis na pia daktari, alimtibu mfalme Edward na baadae William Mshindi, ndo maana Wanormani walipoiteka Uingereza 1066 abasia nyingi zilipata tabu ila Bury ikapeta. Baldwin alipima mitaa kwa mistari iliyonyooka, akapanga viwanja, akafungua uwanja mkubwa wa soko, akaanza kujenga kanisa jipya kubwa ajabu, na 1095 mwili wa Edmund ukahamishiwa humo. Kitabu cha sensa ya ardhi ya William cha mwaka 1086 kinasema kulikuwa na nyumba 342 mahali ambapo zamani za mfalme Edward palikuwa shamba la kulimwa tu, na kinataja watu 75 waliokuwa wanahudumia abasia kila siku, waoka mikate, wapika pombe, washona nguo, wafua nguo, washona viatu, wapishi, mabawabu. Mimi hiyo orodha naipenda sana kwa sababu mara nyingi historia ya abasia inaandikwa ya maabate na wafalme tu, hapa kuna mfua nguo.

Asalaam aleikum. Mimi nauza vitambaa Marikiti, Mombasa. Nauliza tu, hao wafanyabiashara wa Bury nao walikuwa wakifuatwa na kanjo kila asubuhi kudaiwa ushuru? Soko lilikuwa la nani hasa? (Msomaji, Mombasa)

Waalaikum salaam dada yangu. Soko lilikuwa la abasia, na wakidaiwa walidaiwa kweli.

Tunajua mengi kwa sababu ya mmonaki mmoja, Jocelin wa Brakelond, aliyeandika mambo ya ndani ya abasia kati ya miaka ya 1170 na mwanzoni mwa 1200, bila kuficha sana, ugomvi wa wamonaki, madeni, nani kasema nini mezani. Abate aliyepita kabla, Hugo, alikuwa mzee, macho yameisha, watu wanakopa kwa jina la abasia na riba inapanda juu ya riba. Alipofariki 1180 mfalme Henry wa Pili akakaa na mapato ya abasia kwanza, kisha 1182 akachaguliwa Samson, mtu wa Norfolk, mwenye kipara, ndevu nyekundu na sauti ya amri. Huyu alikuwa anahubiri kwa watu kwa Kiingereza chao, kwa lafudhi ya Norfolk alikozaliwa, wakati wakubwa wenzake wanaongea Kifaransa na Kilatini. Madeni aliyalipa yote. Ila kwenye pesa hakuwa na mchezo.

Sasa sikia habari ya ushuru. Kulikuwa na malipo ya mavuno, zamani watu wa mji walitakiwa waende kuvuna shamba la abasia, baadae ikageuzwa pesa, kila nyumba itoe peni moja kwa mwaka. Matajiri wakawa hawadaiwi, maskini ndo wanafuatwa, na asiye na peni wanambebea jiko lake la miguu mitatu, au mlango wa nyumba, au vyombo, na Jocelin anasema wabibi walikuwa wanatoka nje na vijiti vyao vya kusokotea sufu wanawatisha na kuwatukana watoza ushuru. Nasimama na wale wabibi moja kwa moja. Na naona kelele zao zilifika mbali, maana mwishowe yakafanyika makubaliano kwamba mji utalipa shilingi 20 kwa mwaka kwa mkupuo, nyumba kwa nyumba basi. Mmonaki wa stoo na chakula alikuwa pia na haki wanunuzi wake wanunue chakula sokoni kabla ya watu wengine, na hata samadi ya barabarani ilihesabiwa yake, akusanye auze.

Na kuna hili la kinu cha upepo. Mwaka 1191 Herbert, padri mwenye cheo cha dekano, alijenga kinu cha upepo pembeni ya mji, navyo vilikuwa vitu vipya kabisa Uingereza, hicho ni kati ya vya kwanza kabisa vilivyoandikwa popote nchini. Samson aliposikia alipandwa na hasira mpaka akashindwa kula, kwa sababu watu wangeacha vinu vya abasia na malipo yake wangehamia kwa Herbert. Herbert akaja kujitetea akasema upepo ni wa bure, mtu hawezi kunyimwa upepo, na mimi nitasaga nafaka yangu tu. Samson akamjibu kwamba nakushukuru kama vile ungenikata miguu yote miwili, na akaapa hatakula mkate mpaka lile jengo libomolewe. Herbert kwa hofu akakimbilia kukibomoa mwenyewe, watumishi wa abate walipofika walikuta hakuna kitu cha kubomoa. Hapo mimi naona tatizo lote la mji na abasia kwa wakati mmoja, siyo kwamba Samson alikuwa mtu mbaya, alikuwa mchapakazi na mwaminifu kwa nyumba yake, lakini alikuwa anaamini kabisa kwamba kila kinachozunguka Bury kizunguke kwa ruhusa yake.

Wafanyabiashara wa London nao waligoma. Wakasema sisi watu wa London hatulipi ushuru wa soko popote Uingereza, abasia ikasema hapa mnalipa, wakaacha kuja kwenye gulio kubwa la mwaka la Mtakatifu Edmund kwa miaka miwili, hasara kubwa kwa mji na kwa mtoza ushuru mwenyewe, mwisho wakakubaliana walipe alafu warudishiwe, kila upande ukabaki na heshima yake.

Nasoma hapa Leicester, nilisikia Bury kuna historia mbaya ya Wayahudi, makala yenu haikusema neno. Kwa nini? (Msomaji, Leicester)

Ilitakiwa isemwe, na nashukuru umeuliza. Kulikuwa na Wayahudi Bury, wengine wakopeshaji pesa ambao abasia yenyewe iliwakopa kwa miaka, na wakati wa vita vya 1173 na 1174 familia zao zilipewa hifadhi ndani ya abasia. Mwaka 1181 alifariki mtoto mmoja anaitwa Robert na watu wakaeneza kwamba Wayahudi wamemuua, tuhuma ya uongo ya aina ile iliyokuwa inasambaa Uingereza na Ulaya wakati huo, na bado abasia ikamzika mtoto kanisani kama shahidi wa dini. Kisha tarehe 18 Machi 1190, Jumapili ya Matawi, watu 57 wa jamii ile waliuawa mjini. Siku mbili tu baada ya mauaji makubwa ya York. Samson baadae mwaka ule ule akaomba ruhusa kwa mfalme akawafukuza waliobaki, wakasindikizwa na watu wenye silaha. Jocelin analiandika hilo la kuwafukuza kama moja ya mambo mema ya abate wake, na hapo inabidi usimame kidogo, kwa sababu ni mwandishi ambae unamzoea, unampenda, unacheka nae, alafu anakuambia hivyo bila kupepesa.

Leo ndani ya bustani ya abasia kuna mnara wa kumbukumbu wenye umbo la tone la chozi. Ukienda usiupite.

Mlisema wananchi walichoma abasia. Wakristo kuchoma nyumba ya watawa? Ilikuwaje? (Msomaji, Bukoba)

Kwa yale ya juu nadhani jibu umeshaanza kuliona. Wafanyabiashara wa Bury walikuwa wanaona miji mingine ya Uingereza ina hati ya mfalme, wanachagua viongozi wao, wana chama chao cha wafanyabiashara, wanashika funguo za mageti ya mji, wao wana pesa kuliko wengi wa hao lakini kila kitu mpaka abasia ikubali. Januari 1327 mfalme Edward wa Pili anaondolewa madarakani, nchi haina mwenyewe, watu wa mji wakaona ni sasa. Wakavunja mageti wakaingia, wakachukua hati, sarafu na vyombo vya thamani, wakawalazimisha watawa wakubali hati ya haki za mji, na abate Richard wa Draughton akaikubali, kisha alipofika London akaikana. Vurugu zikarudi tena na tena mwaka ule mpaka Oktoba, majengo yakachomwa, na 1328 kundi likamteka abate kwenye nyumba yake ya mashambani Chevington, wakamnyoa, wakamsafirisha kwa siri London na kisha ng'ambo mpaka Diest, Ubelgiji ya leo, akakaa huko mpaka alipokuja kupatikana 1329.

Geti linaloonekana leo kwenye picha zote za Bury, lile kubwa la mawe lenye nakshi, ndo lilijengwa baada ya hapo badala ya lililobomolewa. Ni zuri kwelikweli, ila kwenye vijumba vya sanamu kuna matundu ya kurushia mishale nyuma yake. Wamonaki walijenga geti la kujilinda na majirani zao, watu wanaosali nao.

1381 ikawa mbaya zaidi. Ule mwaka wakulima walisimama sehemu nyingi za Uingereza kwa sababu ya kodi ya kichwa, na Suffolk waliongozwa na padri John Wrawe. Wakamuua mkuu wa majaji John Cavendish, wakamuua na John wa Cambridge, priori aliyekuwa anashika abasia wakati hakuna abate, vichwa vyao vikapelekwa soko la Bury vikawekwa juu ya miti na watu wakavichezea kama vinanong'onezana na kubusiana, kwa sababu wale wawili walikuwa marafiki. Mimi nawaelewa watu wa Bury kwenye madai yao, karne mbili wameomba kitu cha haki, lakini hilo la vichwa siwezi kulitetea. Mfalme alipotoa msamaha kwa nchi nzima, Bury ilitajwa kati ya miji isiyosamehewa, mpaka ilipe.

Ile hati yao waliipata 1606, kwa mfalme James wa Kwanza. Abasia ilikuwa imeshafungwa miaka 67.

Ni kweli Magna Carta ilianzia Bury? (Msomaji, Nairobi)

Magna Carta ni ile hati ya 1215 iliyombana mfalme aheshimu uhuru wa watu wake. Mji unaamini hivyo na umeandika kwenye kaulimbiu yake kwamba ni kaburi la mfalme na chanzo cha sheria. Chanzo ni Roger wa Wendover, mmonaki wa St Albans, aliyeandika kwamba mwaka 1214 mabaroni, yaani wakubwa wenye ardhi, walikutana Bury kwa kisingizio cha kuhiji, wakaapa mbele ya altare kuu kumbana mfalme John athibitishe uhuru wao kwa hati yenye mhuri wake. Wanahistoria wengine wanasita kwa sababu ni yeye peke yake anaesema. Kinachojulikana ni kwamba John mwenyewe alifika Bury Novemba 1214 kwa ugomvi wa kuchagua abate, na 1215 hati ikapatikana Runnymede. Mimi naona inawezekana, zaidi ya hapo sisemi.

Naishi Cambridge, nataka kuwapeleka watoto. Hilo kanisa kubwa lilienda wapi na tukifika tuangalie nini? (Mama wa watoto wawili, Cambridge)

Dada, kwa treni ni kama dakika 40 tu, nenda Jumatano au Jumamosi ndo siku za soko, bado ni siku hizo hizo na bado liko juu pale Cornhill na Buttermarket. Anza hapo, pitia Moyse's Hall, nyumba ya mawe ya karne ya 12 ambayo sasa ni makumbusho, alafu shuka Churchgate Street. Ule mtaa Baldwin aliunyoosha uelekee kwenye kanisa, kwa hiyo mbele yako utauona mnara wa Wanormani wa karne ya 12 umekaa katikati kabisa, pita chini yake.

Ukishapita, waambie watoto wasimame. Kanisa lilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 150, moja ya makubwa Ulaya. Tarehe 4 Novemba 1539 abate wa mwisho, John Reeve, alikabidhi kila kitu kwa mfalme Henry wa Nane na miezi michache baadae akafariki. Watu wa mfalme walishaondoa dhahabu na fedha ya kaburi la Edmund mwaka mmoja kabla, wakabandua madini ya risasi yaliyoezeka mapaa, na paa likiondoka mvua inamaliza. Mawe mazuri ya nje yalikuwa ya Barnack, yaliletwa kutoka upande wa Peterborough, hayo watu wa mji waliyachukua kujengea nyumba zao kwa miaka na miaka, kwa hiyo yale mavimbe meusi ya ajabu mnayoyaona bustanini ni matumbo ya kuta, kokoto na chokaa, ngozi yake iko kwenye nyumba za mjini. Na ukuta wa mbele wa kanisa haukubomolewa, watu walijenga nyumba ndani yake, ziko mpaka leo na zinakaliwa, watoto watapenda sana hapo.

Mwili wa Edmund haujulikani ulipo. Wapo wanaoamini wamonaki waliuficha makaburini kwao, mahali ambapo baadae paliwekwa viwanja vya tenisi. Ya Samson ndo yanajulikana, makaburi ya maabate yalifukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwenye ukumbi wa mikutano ya wamonaki, baada ya mtaalamu M. R. James kusoma maandishi ya zamani na kuonyesha yalipo, na la Samson ni kati yake.

Kanisa la St Mary lililo pembeni lilinusurika kwa sababu lilikuwa la parokia, ingieni muone kaburi la Mary Tudor, dada wa Henry huyo huyo, alizikwa kwenye abasia 1533 na kaka yake alipoifunga ikabidi ahamishwe. St James nalo lilinusurika na ni kanisa kuu la Kianglikana tangu 1914. Bustani kuingia ni bure, bebeni chakula chenu mkale kwenye majani, na kabla ya kutoka pitieni lile geti kubwa muwaonyeshe watoto matundu ya mishale.